Mtani Asiye na Kabila

Mashine iliyoitwa Bawabu haikuwa na mikono wala miguu, lakini siku nzima ilishinda mlangoni. Mlango wenyewe haukuonekana kwa macho. Ulikuwa mlango wa mtandao wa karakana ya Nyamizi Kapela, mtaa wa Isevya, mjini Tabora, na kila kilichotaka kupita hapo, iwe simu, iwe saa ya mkononi, iwe friji ya jirani iliyopotea njia, kilisimamishwa na kuulizwa maswali matatu.

"Wewe nani?" Bawabu aliuliza asubuhi hiyo, kwa ile sauti yake ya mtu aliyelala vibaya.

"Mimi ni jiko la mama Kashindye," likajibu jiko la nyumba ya pili.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Unataka kufanya nini humu?"

"Natafuta hali ya hewa. Kwetu mtandao umekatika."

"Basi chungulia dirishani. Ondoka."

Nyamizi akacheka peke yake mezani, akaendelea na kazi. Karakana yake ilitengeneza masikio. Si ya kuonyesha, la, ya kusikilizia. Watu waliyaita masikio-majani kwa sababu kila moja lilikuwa jembamba kama jani la mkunde, ukalibandika nyuma ya sikio ulilozaliwa nalo na dunia ikarudi. Jani dogo hivyo haliwezi kufikiri. Kazi ya kufikiri iliachiwa ubongo-mama, kompyuta iliyokaa ndani ya kabati la chuma nyuma ya karakana. Sauti iliruka kutoka kwa mteja hadi Isevya, ubongo-mama ukachambua, ukatupa kelele za treni ya sumaku na magari-hewa, ukabakiza maneno ya watu, ukayarudisha. Yote hayo yalikwisha kabla mwenye sikio hajapepesa jicho.

Sasa fikiri mwenyewe maana yake. Kila walichosikia wateja wa Nyamizi kilipita katika kabati lake. Ugomvi wa chumbani, sala, umbea wa kisimani, vyote. Ubongo-mama ulifundishwa kusikia na kusahau papo hapo, na juu ya mlango wa karakana Nyamizi aliandika kwa rangi nyekundu: KINACHOPITA HAPA HAKIKAI HAPA. Biashara yote ilisimama juu ya maneno hayo.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bi Sikujua Mihayo, msuluhishi wa baraza la kata. Homa ilimwachia uziwi akiwa bado na nguvu zake, na kwa muda alikaa nyumbani akimenya viazi na kugombana na ukuta. Masikio-majani ndiyo yaliyomrudisha kwenye kiti chake. Watu walimpelekea yale wasiyothubutu kumpelekea padri wala shehe. Siku alipoyavaa mara ya kwanza alilia, akafuta machozi kwa kanga, kisha akamshika Nyamizi mkono.

"Mwanangu, sikiliza. Haya yakivuja, mimi sitaumia. Kuna wanawake wamejificha mahali kwa sababu waume zao watawaua, na ninayejua walipo ni mimi tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Sikujua. Hayatavuja."

Ndipo Nyamizi alipomtafuta Pazi.

Pazi alikuwa fundi wa ulinzi wa mitandao ya biashara ndogo: saluni, mashine za kusaga, maduka ya dawa. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyefuata mke Tabora akabaki, na kwa kuwa Nyamizi ni Mnyamwezi, wa ukoo wa wapagazi wa misafara ya zamani, walikuwa watani tangu babu wa mababu. Hawakujua kusalimiana kama watu.

"Wewe mpagazi, leo mzigo umeuweka wapi?" ndiyo ilikuwa hodi yake.

"Nimeutua nikusikilize Mzaramo. Leo hakuna ngoma huko, mpaka ukakumbuka kazi?"

Lakini katika kazi hakuwa na mzaha. "Usiseme wewe ni mdogo, mwizi hatakuona," alimwambia. "Mwizi anapenda duka dogo. Benki ina walinzi, wewe una komeo la mti." Akabadilisha nenosiri lililokuja na mashine kutoka kiwandani, maana lilikuwa lile lile dunia nzima. Akaifundisha mitambo yote kujisasisha yenyewe kila programu mpya inapotoka. Akamweka Bawabu mlangoni. Nyumba ya Nyamizi na karakana vilikuwa ua mmoja, kwa hiyo akaugawa mtandao njia mbili: njia nyembamba ya wageni na njia pana ya kazi, na akakataza kabisa mgeni kukanyaga njia ya kazi. Mwisho akachukua nakala ya kila kitu kilichomo ndani ya ubongo-mama, akaihifadhi ndani ya kopo la bati nyumbani kwake, haijaunganishwa na waya wowote. Kila Jumatatu aliibadilisha.

"Mzaramo, hata Mungu hakujilinda hivi," Nyamizi alimtania.

"Ndiyo maana shetani akaingia bustanini."

Mambo yakaenda hivyo kwa amani, mpaka Mzee Kapela, baba yake Nyamizi, alipofariki.

Msiba wa siku hizi una watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja kwa miguu, wanakaa kwenye mikeka, wanakula wali. Na wapo wanaokuja kwa mwanga: vivuli vya ndugu walio mbali, vinavyorushwa na mtandao hadi sebuleni kwako, vikalia na wewe kana kwamba vimeketi papo hapo. Mzee Kapela alikuwa na ndugu Mwanza, Mpanda, Lubumbashi, na mpwa mmoja anayechomelea vyuma kwenye kituo cha anga. Wote walitaka kuja. Njia ya wageni ikazidiwa. Shangazi Kalunde wa Mwanza aliganda mdomo wazi katikati ya kilio, akabaki hivyo mbele ya waombolezaji kama mtu aliye kwa daktari wa meno, watoto wakaangua kicheko.

Na Bawabu naye, bila haya, akawa anamhoji kila mfiwa.

"Umetumwa na nani?" alimwuliza baba mdogo wa Lubumbashi.

"Nimetumwa na kifo, mpumbavu wewe! Kaka yangu yuko ndani humo!"

Wazee wakamgeukia Nyamizi. Mzee Ntale, mdogo wake marehemu, aliongea kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mwanangu, tangu lini mfiwa akamwuliza mgeni kitambulisho? Na huko karakanani una njia pana, sisi unatubana kwenye uchochoro. Ni msiba wa baba yako huu, au wa jirani?"

Aibu ilimshika Nyamizi hadi masikio yakamwaka moto. Akainuka, akaenda pembeni.

"Bawabu. Yeyote atakayesema amekuja msibani, mpitishe. Usimwulize tena."

"Kwa njia ya wageni?"

"Kwa njia ya kazi."

"Fundi Pazi amekataza."

"Pazi hajafiwa na baba. Fanya ninavyokwambia."

Shangazi Kalunde akafumba mdomo, akaendelea na kilio chake. Sebule ikajaa. Nyamizi akapumua.

Kesho yake walikwenda kuzika. Jeneza lilipofika kaburini, Pazi akajitokeza, akaruka juu yake, akaketi, miguu ananing'iniza.

"Hatoki mtu hapa!" alipaza sauti. "Mpagazi gani anasafiri bila kuaga watani? Leteni asali ya Tabora, asali halisi, si ile ya sukari mnayowauzia wageni. La sivyo nalala naye hapa hapa."

Wanyamwezi wakamtukana, wakamwita mvivu, mla mihogo mibichi. Wakacheka huku machozi yanawatoka. Ikaletwa chupa ya asali. Akaionja, akatikisa kichwa kuwa afadhali, akashuka. Kisha akageuka kando akalia kama mtoto, maana alimpenda mzee yule. Ndiyo kazi ya mtani: anakuchekesha ili kilio kipate kupumzika.

Mchana huo, wakiwa wamerudi nyumbani, ujumbe ukatokea kwenye skrini ya karakana na kwenye saa ya Nyamizi kwa pamoja:

TUMEKALIA JENEZA LENU LA PILI, LILE LA CHUMA. HALITOKI HAPA MPAKA MTUPE CHETU. SIKU TATU TU, WAPAGAZI.

Nyamizi akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha kweli tangu baba afe, na kilimburudisha.

"Mama," Bawabu akasema, "huyu aliyeandika simfahamu."

"Mimi namfahamu. Ni mtani. Nyamaza."

Akajibu: Kaeni hapo hapo mpaka matako yaote mizizi.

Siku ya pili ukaja mwingine: TUNAJUA MNAYOSEMA JIKONI. TUNAJUA NA YA WATEJA WENU. TUKISEMA, MTAHAMA MJI. Huu haukumchekesha sana. Lakini watani husema makubwa kuliko hayo, na kumwendea mtani kumwuliza "ni wewe?" ni ushamba, ni kuharibu mchezo. Mtani haulizwi, hulipizwa. Nyamizi akakusudia kumlipiza Pazi siku moja, akaizima saa.

Siku ya tatu walianua matanga. Vivuli vikaaga, vikazimika. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria, Bi Sikujua akaingia uani kwa hasira, kanga imemdondoka begani, anapiga kelele kama mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake.

"NYAMIZI! SISIKII! NILIKUWA BARAZANI, MTU ANAONGEA, MARA KIMYA! NIMEWAACHA WAMEKAA WANANIKODOLEA MACHO!"

Simu ya karakana nayo ikaanza kulia, ikakatika, ikalia tena. Familia za wateja wengine. Masikio-majani yote yalikuwa yamezima.

Nyamizi akampigia Pazi. Akaja mbio, bado ana doa la asali kwenye shati.

"Haya, Pazi, imetosha," Nyamizi akasema. "Nimecheka, nimefurahi. Sasa fungua. Watu hawasikii."

"Nifungue nini?"

Akamwonyesha ujumbe. Pazi akasoma wa kwanza, akasoma wa pili. Nyamizi alimtazama usoni, akiusubiri ule mdomo uanze kucheka, haukucheka.

"Nyamizi," akasema polepole, "mimi nilikalia jeneza moja tu."

Nyamizi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Pazi hakumgombeza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma, akachomoa waya wa nje, kisha akamwuliza Bawabu nani aliingia na lini. Bawabu akataja orodha ndefu ya waombolezaji, na katikati yao mmoja ambaye hakuwa ndugu wa mtu.

"Huyu alisema amekuja kutoa pole," Bawabu akasema. "Niliambiwa nisiulize."

"Si mtu huyo," Pazi akamweleza Nyamizi. "Ni mwizi-mashine. Programu imetumwa na watu sijui wako nchi gani, inazurura yenyewe usiku na mchana. Inasoma matangazo ya vifo, kwa sababu inajua penye msiba milango iko wazi. Wahenga walisema kufa kufaana, hawakujua kitamfaa nani. Ikiingia inakaa kimya, inasikiliza. Inajifunza mnavyoongea. Imenisikia mimi nikiwatania, imenisikia kupitia sikio la mteja wako yeyote aliyekuwa pale kaburini, ikavaa mdomo wangu. Kwingine ingevaa mwingine. Haina kabila, lakini inajifunza la kila mtu."

"Na mimi nimecheka," Nyamizi akasema. "Siku tatu nzima nacheka nayo."

"Umecheka. Ungeniuliza siku ile ile ningechomoa waya. Lakini hata mimi nisingetaka kuulizwa." Akavua shati lile, akalitupa pembeni. "Tufanye kazi."

Akamtuma mkewe alete lile kopo la bati. Wakaufuta ubongo-mama mpaka ukabaki mtupu, wakarudisha ndani nakala ya Jumatatu, iliyochukuliwa kabla ya msiba. Wakabadilisha kila nenosiri. Wakamrudishia Bawabu maswali yake. Muda wote huo Bi Sikujua aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akiwaangalia midomo. Jua lilikuwa limeanza kushuka Pazi alipouwasha ubongo-mama tena.

Bi Sikujua akainua kichwa. "Kuna kuku," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Na nani huyo anakwangua sufuria hivyo? Atalitoboa!"

Nyamizi akamkumbatia. Simu za furaha zikaanza kuingia. Hakuna mteja hata mmoja aliyepoteza kitu, na wale wezi hawakupewa chochote. Pazi akajipiga kifua kwamba Mzaramo ameokoa wapagazi, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakampigia vigelegele.

Kisha akamvuta Nyamizi nyuma ya kabati.

"Nakala imerudisha vyote vilivyofungwa," alinong'ona. "Lakini nimetazama kilichotoka nje. Tangu ulipofungua njia, kila walichosikia wateja wako kimetiririka kwenda huko. Saa baada ya saa. Hicho hakuna kopo litakalokirudisha."

"Mpaka cha barazani?"

"Mpaka cha barazani."

Nyamizi akatazama maandishi mekundu juu ya mlango. Aliogopa, tusimpambe. Akisema, karakana imekufa. Nani atanunua sikio linalosikilizwa na wengine? Asiposema, hakuna atakayejua. Wezi wenyewe pengine wametishia tu. Baba hajamaliza wiki kaburini, na yeye azike na biashara?

"Mimi sisemi kitu," Pazi akasema. "Karakana ni yako."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo Nyamizi alikuwa akiwaambia wateja waliochelewa kukiri uziwi. Akatoka, akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Bi Sikujua, nina neno baya. Niliufungua mlango siku ya msiba. Mwizi aliingia. Hakuzima masikio yako tu. Amesikia kila ulichosikia, siku zote za matanga. Ni kosa langu, si la mashine wala la Pazi."

Macho ya Bi Sikujua yalikuwa yanahesabu kitu, mtu mmoja baada ya mwingine waliopita mbele yake siku hizo. Yakasimama.

"Mbuke," akasema.

"Nani?"

"Alikuja juzi. Amemkimbia mume. Nilimwuliza analala wapi na mtoto, hakutaka kusema. Nikamwambia sema, hapa pana masikio yangu tu. Nilimbembeleza mpaka akasema, Nyamizi. Nyumba, chumba, na jina la mwenye nyumba."

Akayabandua masikio-majani, moja, la pili, akayaweka juu ya meza ya karakana, akatoka. Nyamizi alimwita. Bila shaka hakusikia.

Mbuke na mwanawe walihamishwa jioni ile ile. Keshokutwa yake mume alifika kwenye ile nyumba, akakikuta kile chumba kitupu, akavunja mlango hivyo hivyo. Alipokamatwa alisema bila kuficha: aliletewa ujumbe na mtu asiyemjua, akauziwa anwani.

Nyamizi akawatembelea wateja wote, mmoja mmoja, akiwaambia yale yale kwa magoti yale yale. Wengine walimfukuza. Wengine walisema yao hayana siri, wakabaki. Pazi alikwenda naye nyumba zote, akisimama mlangoni, na njia nzima hakumtania hata neno. Nyamizi aliona hilo ni zito kuliko matusi.

Mwisho alikwenda barazani. Alikuwa ametengeneza masikio mapya, yenye ubongo mdogo ndani yake wenyewe, yasiyotuma chochote popote. Yalisikia vibaya kidogo, lakini yalisikia. Aliyabeba ndani ya kisanduku.

Watu walikuwa wamejaa kuliko zamani. Bi Sikujua aliketi kwenye kiti chake, na mbele yake mwanamke mmoja alikuwa ameinama, midomo inacheza bila sauti, neno kwa neno, taratibu, ili isomeke. Wote waliosubiri walikuwa wametazama ukutani ili wasiione. Mwanamke alipomaliza, Bi Sikujua akamshika mkono, akamruhusu aende.

Nyamizi akafungua kisanduku, akaonyesha kwa vidole: haya hayana waya, hayana mlango, hayatoki popote.

Bi Sikujua akayatazama kwa muda. Alikuwa ameyatamani, ilionekana wazi. Kuna kuku alikuwa analia nje na yeye hajui.

"NAKUAMINI," akasema, kwa ile sauti kubwa isiyojipima, na foleni nzima ikageuka. "LAKINI HAWA WANANIAMBIA KWA SABABU SISIKII. NIKIYAVAA, WATANYAMAZA."

Nyamizi akafunga kisanduku, akainama kumuaga, akatoka nje.